Geti la gia la kuchonga mwenyewe: linapokwama, linapopiga kelele na gia inapochomoka

Geti la gia ni lile bati la chuma lenye njia zilizokatwa, ambamo leva ya gia inapita ikigonga kuta kwa mlio mkavu. Aliyewahi kukaa ndani ya Ferrari F355 au Audi R8 ya kizazi cha kwanza anaujua mlio huo. Magari ya michezo ambayo wengi wetu tunayamudu hayakuja nalo: Toyota Altezza RS200 na MR2, Mazda MX-5, Honda S2000, Subaru Impreza. Yana buti ya ngozi, ile inayofunika chini ya leva, basi. Ndiyo maana watu wanatafuta bati, wanachora njia, wanalipeleka kwa fundi wa leza au wanakaa na jiliwa na tupa mpaka usiku, wanafunga, wanapiga picha. Wiki chache baadaye malalamiko yanaanza, na kwa kweli ni yale yale.

Hapa chini yamepangwa kwa dalili. Chanzo kinachotokea mara nyingi kimewekwa mbele, na ukaguzi usiohitaji kufungua kitu unatangulia.

KABLA YA YOTE: TOA GETI

Ndani ya giaboksi tayari kuna mpangilio unaoamua leva iende wapi: fimbo za kuchagulia gia, vigololo na springi za kuzikamata, na vizuizi vya kuzuia gia mbili zisiingie pamoja. Geti la juu halina kazi hiyo. Linafuata tu njia ambayo leva ingepita hata kama lisingekuwapo. Karibu kila tatizo utakalosoma hapa linatokea pale geti linapoanza kuiamulia leva.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kimoja kwa dalili zote. Fungua bolti za geti, liweke kando, endesha gari kama kawaida. Tatizo likiisha, geti ndilo lenye kosa na giaboksi yako haina neno. Likibaki, acha kulipiga tupa geti la watu. Tafuta kwenye klachi, bushi, kebo au giaboksi yenyewe. Nimeona mageti mazuri yakitobolewa mpaka yakawa ungo kwa sababu ya klachi iliyokuwa na hewa kwenye bomba.

Kutokana na hilo, bolti za geti ziwe zinafikika kwa juu, na ufunguo wake wa alen ukae ndani ya gari siku zote. Leva ikikwama njiani, dakika tano za kutoa geti zitakufikisha nyumbani. Kama umezipaka gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia bolti zisilegee, tumia ile ya nguvu ya kati. Ile kali itakudai moto kuifungua, na hutakuwa na moto barabarani.

Jambo la pili la kujua ni egemeo la leva liko wapi, maana majibu mengi yanategemea hapo.

Kwenye Altezza, MX-5 na S2000 leva imesimama juu ya giaboksi moja kwa moja. Injini ikicheza kwenye mauntini zake, zile raba zinazoishikilia, giaboksi inacheza, na leva inacheza nayo. Geti likifungwa kwenye bodi, leva inatembea na geti limesimama. Kwenye Impreza na BMW nyingi kuna fimbo, na egemeo limebebwa na mkono ambao upande mmoja umeshikwa na giaboksi na mwingine na bodi kupitia bushi ya mpira. Hapo leva inacheza kidogo. Kwenye MR2, yenye injini nyuma, leva iko kwenye boksi lake lililofungwa kwenye bodi na kebo mbili ndizo zinazopeleka habari nyuma. Gari la kebo ndilo rahisi kuliko yote kwa kazi hii: funga geti kwenye boksi hilo la leva, injini icheze itakavyo.

Kanuni inayotoka hapo ni kwamba geti lifungwe pale egemeo lilipofungwa. Kwenye Altezza maana yake ni kulibeba kwa miguu midogo inayotoka kwenye kiti cha leva juu ya giaboksi, na kuacha nafasi kati ya geti na konso, lile boksi la katikati ya viti vya mbele. Wengi hawapendi ile nafasi. Wanalifunga kwenye konso lipendeze, halafu wanakutana na dalili inayofuata.

"GIA INACHOMOKA YENYEWE"

Hili lichukulie kwa uzito kuliko mengine yote. Gia ikichomoka kwenye kona au kwenye mteremko, gari linabaki frii na injini haikusaidii kupunguza mwendo. Vilevile kila inapochomoka, meno ya kushikia gia yanaliwa kidogo, na kinachoanza kama kosa la bati kinaishia kuwa giaboksi ya kufunguliwa.

Chanzo cha kwanza, na kinawazidi wengine kwa mbali: njia ni fupi. Leva inafika mwisho wa njia na kugonga ukuta kabla giaboksi haijamaliza kuingiza gia. Mkononi unasikia mgongano mzuri wa chuma na unaamini gia imekaa. Haijakaa, imeshikilia kwa ncha.

Ukaguzi ni huu. Zima injini, weka breki ya mkono, kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza mpaka usikie giaboksi yenyewe imekamata. Toa mkono. Sasa chukua biti ya drili ya mm 2 na uipitishe kwa shingo yake kati ya leva na mwisho wa njia. Ipite bila kulazimishwa. Kisha sukuma leva mbele kwa kidole, kana kwamba unataka kuiingiza zaidi, na uipitishe tena. Bado ipite. Rudia kwa kila gia, rivasi nayo. Mm 2 zinatosha geti likiwa limefungwa na egemeo. Likiwa kwenye bodi na leva ikiwa ya giaboksi, mimi sikubali chini ya mm 4.

Njia ikiwa fupi, irefushe. Hakuna ujanja mwingine. Usikate leva, usipinde leva.

Chanzo cha pili: nafasi inatosha gari likiwa limesimama, lakini haitoshi likiwa kazini. Injini iliyolala kwa urefu hujipinda upande ukikanyaga mafuta, na hurudi upande wa pili ukiachia; breki kali nazo huisogeza mbele. Hii huwezi kuiona ukiwa gereji. Paka kingo za njia zote rangi ya maka, au dawa ya viatu nyeusi, kisha endesha kilomita chache kwa kukanyaga na kuachia. Palipokwanguka ndipo leva inapogusa. Kama mikwaruzo iko kwenye kuta za pembeni tu, ni injini inayojipinda. Kama iko miishoni, njia ni fupi. Mwenzako aliyekaa pembeni anaweza pia kurekodi geti kwa simu, dereva asijaribu.

Kama leva inasogea sana, angalia mauntini kabla ya kupanua njia. Magari haya yana miaka ishirini na zaidi, na raba nyingi zimeshapasuka. Fungua boneti, mtu aanzishe gari akiwa amekanyaga breki na aachie klachi kidogo tu. Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, umepata jibu. Simama pembeni ya gari wakati wa zoezi hili, usisimame mbele yake. Mauntini ngumu zaidi husaidia geti, ila mtetemo utahamia kwenye usukani na viti.

Chanzo cha tatu ni kitu kinachoivuta leva kurudi: buti ya ngozi iliyobanwa chini ya geti, zulia nene, au kirungu kizito cha chuma juu ya leva uliyoirefusha.

Cha nne ni giaboksi yenyewe. Kama umetoa geti na bado gia inachomoka, hasa ikiwa ni gia moja tu, kuna meno yaliyolika, uma (kipande kinachosukuma gia) uliopinda au springi ya kigololo iliyochoka. Acha kuliendesha na umpelekee fundi wa giaboksi. Kuishikilia leva kwa mkono ili isitoke ni kuukaanga uma.

"KUTOKA YA PILI KWENDA YA TATU INAGONGA UKUTA"

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mtu anapojifunza kusoma bati lake.

Kwenye giaboksi nyingi za gia tano au sita kuna springi inayoivuta leva ikae mstari wa tatu na nne ikiwa frii. Tumia hilo kama dira. Weka frii, tikisa leva kulia na kushoto, achia. Inapotulia pawe katikati kabisa ya njia ya tatu na nne. Kama imetulia upande, geti limehama, na hakuna tupa itakayolirekebisha vizuri. Legeza bolti ulisogeze. Kwa sababu hiyo matundu ya bolti yawe marefu kidogo, yenye mm 3 za kucheza kila upande. Panga kwa tatu na nne kwanza, kaza nusu, jaribu moja na mbili, jaribu tano na sita, ndipo ukaze.

Ukishapaka maka na kuendesha, soma alama hivi. Zikiwa upande mmoja wa njia zote, tuseme kushoto kila mahali, geti limehama. Zikiwa kushoto kwa mbele na kulia kwa nyuma, geti limezunguka. Tatu na nne zikiwa safi, lakini moja na mbili zimekwanguka upande wa ndani na tano na sita pia upande wa ndani, njia zako zimeachana mno: ulichora kwa urefu mmoja ukafunga kwa urefu mwingine. Alama hizo zikiwa upande wa nje, kinyume chake.

Hilo la urefu linawachanganya wengi, kwa hiyo nifafanue. Leva inatembea kwa kuzunguka egemeo. Kadiri unavyopanda juu ya egemeo ndivyo mwendo unavyokuwa mrefu. Tuseme geti liko mm 100 juu ya egemeo na leva inatembea mm 25 kutoka frii hadi gia ya tatu. Ukilipandisha geti kwa mm 20 ili lilingane na konso, mwendo ule ule unakuwa mm 30. Mm 5 zimepatikana bila wewe kugusa giaboksi. Mtu anayekopa mchoro wa geti la gari la mwenzake, hata kama ni gari la aina moja, anakopa pia urefu wa konso ya mwenzake. Pima kwako. Gundisha karatasi ngumu kwenye kiwango halisi ambapo geti litakaa, funga kalamu kwenye leva au chora kuizunguka katika kila gia, na mchoro wako utoke hapo. Kata kwanza kwa kipande cha mbao nyembamba au akriliki, endesha nacho, ndipo ukate bati.

Kama geti limekaa sawa na bado inagonga, tazama ncha za vile vidole vinavyotenganisha njia. Vikiwa na kona ya mraba, leva inayokatisha kwa mshazari kutoka ya pili kwenda ya tatu itagonga kona hiyo kila mara, kwa sababu mkono wa mtu hauendi kwa pembe mraba. Zungushia ncha, nusu duara ya mm 3 au zaidi, na kingo za juu uzilaze kidogo. Upana wa njia nao: leva ya mm 12 inataka njia ya mm 13 hadi 13.5 kwenye geti linalobebwa na egemeo. Kwenye geti la bodi utahitaji mm 16 au 18, na mlio mzuri utapungua. Ndiyo bei yake.

Chanzo kinachosahaulika ni bushi ya nailoni chini ya leva, ile inayovaa kichwa cha mviringo kinachoingia giaboksi. Ikilika, leva inalegea na kila kipimo ulichochukua ni cha uongo. Shika leva gia ikiwa imeingia: ikitikisika ovyo, badilisha bushi kwanza, upime baadaye. Ni kipuri cha bei ndogo. Kwenye MX-5 za zamani, ukiing'oa leva utakuta oili kidogo kwenye kikombe chake na buti ndogo ya mpira ambayo mara nyingi imeshachanika. Badilisha zote pamoja.

Onyo: usijaribu uhamishaji wa kushuka kwa kasi kubwa mpaka geti limepangwa. Ukikusudia ya nne kutoka ya tano na leva ikaangukia ya pili, magurudumu yataizungusha injini kupita kikomo chake na kidhibiti mizunguko hakitakuokoa. Valvu zitakutana na pistoni.

"RIVASI HAIINGII" NA "RIVASI IMEINGIA BILA KUITAKA"

Malalamiko mawili, mara nyingi yana chanzo kimoja: mtu alibadilisha leva.

Baadhi ya magari yanataka leva ibonyezwe chini kabla ya kwenda rivasi. Leva ya asili kwa kawaida ni nene chini na nyembamba juu. Ukibonyeza, sehemu nene au sehemu yenye weldi inashuka na kukutana na geti. Frii na gia nyingine zinapita vizuri, rivasi inakataa. Bonyeza leva ukitazama kwa tochi na utaona inapogusa. Tiba ni leva iliyokerezwa iwe na unene mmoja kwenye eneo lote linalopita getini ikiwa juu na ikiwa imebonyezwa. Mafundi wa kukereza wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, hiyo kwao ni kazi ya mchana mmoja, mradi uwapelekee leva ya zamani na vipimo.

Magari mengine yana pete ya kuvuta juu. Pete hiyo na waya wake haviendani na leva nyembamba inayong'aa, basi watu wanaitoa. Matokeo yake kizuizi cha rivasi kimeondoka, na siku moja unatafuta gia ya kwanza kwenye taa unaondoka kinyumenyume. Geti pekee halizuii hili; njia ya rivasi iko wazi pale pale. Rudisha pete, au weka kwenye geti kipande kidogo cha bawaba kinachofunika njia ya rivasi mpaka ukiinue kwa kidole. Bila kimoja kati ya hivyo gari lisitoke nje ya geti la nyumbani.

Rivasi ikisaga inapoingia, subiri sekunde chache klachi ikiwa chini kisha ingiza. Giaboksi nyingi hazina sinkro, zile pete za kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, kwenye rivasi.

"GIA ZOTE NI NGUMU"

Zima injini, pitia gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inaunguruma, klachi haiachii kikamilifu. Angalia kiwango cha mafuta ya klachi, uvujaji kwenye silinda ya juu na ya chini, kisha toa hewa. Geti halihusiki.

Gia ya pili peke yake ikiwa ngumu asubuhi na kulegea baada ya kilomita chache, hiyo ni oili baridi na sinkro zilizozeeka. Wenye Ferrari za miaka ya 1970 na 1980 wamezoea kuiruka ya pili, kutoka ya kwanza kwenda ya tatu, mpaka oili ipate moto. Kabla ya kulaumu sinkro, jua ni oili gani imo ndani. Gari linalotaka oili ya gia ya daraja la GL-4 likimiminiwa GL-5 linaweza kuanza kusaga, na viungo vya salfa vya GL-5 nyingine havipatani na sinkro za shaba. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua, muuza duka hapana.

Ukimwaga oili, tazama sumaku ya kizibo. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Funga, usiendeshe, ita fundi wa giaboksi.

"INATETEMEKA NA KUPIGA KELELE" NA "NASIKIA MOSHI NDANI"

Bonyeza geti kwa kidole gumba wakati kelele inatoka. Ikinyamaza, ni bati: bolti zimelegea, au bati ni jembamba mno. Mm 2 zinalia. Nenda mm 4 au 5 za chuma. Isiponyamaza, gusa leva kidogo. Ikinyamaza sasa, leva inagusa ukuta au bushi imechoka. Leva nyingi za kiwandani zina raba katikati ya vipande viwili ili kuua mtetemo, na ukiibadilisha kwa fimbo moja ya chuma, mtetemo wa giaboksi unakufikia kiganjani. Huo utaishi nao.

Kelele za giaboksi, joto na harufu kupitia njia za geti zinamaanisha umeondoa buti ya mpira ya chini pamoja na ya ngozi. Ya ngozi ni pambo, toa. Ya mpira irudishe, ifungwe vizuri kwenye bodi kuzunguka tundu lote. Bomba la moshi linapita chini hapo, na likiwa na ufa, kaboni monoksidi itapanda moja kwa moja mpaka usoni kwako. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo usisubiri kunusa. Ukipata kichwa kuuma au kizunguzungu ndani ya gari, simama, shuka, na gari lisiendeshwe mpaka fundi amekagua mfumo wa moshi.

"GETI LINACHUNIKA, KUNA UNGA WA CHUMA"

Alumini tupu na leva ya chuma haviishi pamoja. Alumini inakwanguka, inajibandika kwenye leva, na baada ya muda njia zinapanuka zenyewe. Chuma cha pua dhidi ya chuma cha pua nacho hukwaruzana vibaya. Mchanganyiko ninaoupenda ni bati la chuma cha kawaida lililosafishwa na kupigwa kromu, na leva ya chuma iliyong'arishwa. Kromu ikianza kubanduka kwenye kingo, kingo zilikuwa kali kabla ya kupakwa. Kromu haishiki kwenye ncha ya kisu.

Wengine huivika leva mrija wa plastiki ngumu. Inaondoa mikwaruzo yote, na mlio pia. Sasa geti la nini?

Onyo ambalo halisikilizwi: usipige tupa wala grenda geti likiwa ndani ya gari. Unga unaanguka kwenye kiti cha leva, unapita bushi, unaingia kwenye oili. Toa geti, fanya kazi kwenye jiliwa, osha, rudisha. Tundu la leva lizibwe kwa kitambaa muda wote, na ukitoe kabla ya kufunga.

"ASUBUHI LIKO SAWA, MCHANA LIMEKAA UPANDE"

Hii ni ya MR2 na wenzake wa kebo. Kebo moja inachagua kulia na kushoto, nyingine inasukuma mbele na nyuma, kwa hiyo upande ambao leva imepotea unakuambia kebo ipi. Angalia vishikizo na bushi za plastiki kwenye ncha zake, upande wa giaboksi kwanza kwa sababu huko ndiko kwenye joto. Kisha angalia kama ganda la kebo linagusa bomba la moshi. Kurekebisha urefu kuje mwisho, injini ikiwa imepoa, giaboksi ikiwa frii na leva ikiwa katikati ya njia ya tatu na nne. Usipanue njia ili kufidia kebo inayokufa. Siku itakapokatika utabaki na gia uliyokuwa nayo wakati huo.

"TAA YA EABEGI HAIZIMI TANGU NILIPOFUNGUA KONSO"

Kwenye magari mengi kompyuta ya eabegi imefungwa juu ya handaki la katikati, chini ya konso, sentimita chache kutoka unapotoboa. Chanzo cha kawaida ni plagi iliyolegea au waya uliobanwa na mguu wa geti. Kagua kwa macho tu, betri ikiwa imetolewa waya hasi na umesubiri dakika kadhaa. Usipime waya za manjano kwa mita, usilegeze kompyuta hiyo, usiitumie kama sehemu ya kufungia geti. Taa ikibaki, mpe fundi umeme mwenye kifaa cha kusoma mfumo huo.

Kuchomelea ndani ya gari nako ni marufuku kwa sababu hiyo hiyo. Miguu ya geti ichomelewe mezani. Leva ikihitaji kurefushwa, isichomelewe karibu na kichwa chake cha mviringo wala na fundi wa madirisha. Weldi hiyo ikikatika unabaki na kirungu mkononi na gari kwenye gia ya nne. Mkerezaji akate nyuzi kwenye vipande vyote viwili, vifungwe kwa nyuzi, kisha vipigwe pini.